Mzigo Usiwe na Pa Kwenda: Kupanga na Kufunga Mizigo kwenye Gari Dogo

Gunia la viazi likishapakiwa Molo na gari likashika njia ya Kisumu, gunia hilo linakwenda kwa mwendo uleule wa gari. Dereva akikanyaga breki, magurudumu ndiyo yanayozuiwa. Gunia litaendelea mbele mpaka likutane na kitu cha kulisimamisha. Kazi yote ya kupakia ni kuamua mapema kitu hicho kitakuwa nini: mgongo wa kiti, ukuta wa buti, gunia jingine, mkanda, au shingo ya mtu aliyeketi mbele.

Kwa hiyo kamba huja mwisho. Wengi huitafuta kamba kwanza, wakaivuta mpaka viganja vikawaka, na chini yake mzigo umeacha pengo la nusu mita kati yake na kiti. Ziba pengo kwanza. Mzigo ulioegemea kitu imara tangu mwanzo hukisukuma tu gari linapopunguza mwendo; mzigo uliopewa nafasi ya kuteleza hukifikia kitu hicho kwa kasi na kukipiga kama nyundo. Uzito ni uleule, madhara hayafanani hata kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Gari likifunga breki za ghafla kwenye lami kavu, kila kilo 100 za mzigo husukuma mbele kwa nguvu ya kama kilo 80. Kwenye kona kali, au dereva anapokwepa ng'ombe, husukuma upande kwa kama kilo 50. Mafundi wa kufunga mizigo hupigia hesabu zao humo. Ajali ni jambo jingine kabisa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likagonga na kusimama ndani ya nusu mita, hufanya kila kitu kilichomo kisukume kwa takriban mara 20 ya uzito wake. Chupa ya maji ya lita moja inakuwa kilo 20. Jeki ya kilo 3 iliyoachwa juu ya kiti cha nyuma inakuwa kilo 60 za chuma zinazoelekea kisogoni. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne.

Jua kwanza gari lako linabeba kilo ngapi

Usipime kwa macho. Simiti hudanganya kwa udogo wake: mifuko minane ya kilo 50 hujipanga chini kabisa, buti likaonekana bado lina nafasi, kumbe tayari ni kilo 400. Omena kavu, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hudanganya kwa ukubwa: magunia matatu hujaza gari hadi paa na kuziba kioo cha nyuma, lakini magurudumu hayajasikia kitu. Huyu wa simiti atapasua tairi, na huyu wa omena ataingia barabarani bila kuona pikipiki iliyo nyuma yake.

Probox iliyoundwa kama gari la mizigo imepimiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Tofauti hiyo ni uzito wa watu, na ndipo wengi wanapokosea: wanapakia za watu wawili, kisha wanabeba abiria watatu njiani. Magari ya abiria kama Fielder, Wish au Axio hayakupimwa kwa mizigo, na mengi ya ukubwa huo hubeba kwa jumla kilo 400 hadi 450, watu wakiwa ndani ya hesabu. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350. Kilichobaki ni kilo 50 hadi 100: kwenye gari la uwezo mkubwa, gunia moja la mahindi la kilo 90, kwenye la uwezo mdogo, halifiki. Kama unataka kubeba magunia matatu, garini wabaki watu wawili tu, dereva akiwemo, na uwezo wa gari uwe zaidi ya kilo 410. Angalia pia logibuku, huwa na uzito wa gari tupu na uwezo wake wa kubeba. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kupita uzito uliowekwa na mtengenezaji, lakini hata pasipo na askari barabarani, springi na breki zinaijua namba hiyo.

Ukishajua uzito, fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Magari mengi huandikiwa presha mbili: ya gari tupu na ya gari lililojaa, na ya nyuma ndiyo hupanda zaidi. Jaza tairi likiwa baridi, kabla ya safari, kwa namba ya gari lililojaa. Kwenye ubavu wa tairi lenyewe kuna namba ya uwezo baada ya ukubwa: 82 maana yake tairi moja hubeba kilo 475 kwa presha yake kamili, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615. Aliyenunua tairi za bei nafuu zenye namba ndogo kuliko zile za mwanzo amepunguza uwezo wa gari bila kujua. Tairi lenye presha ndogo chini ya mzigo hupinda ubavuni kila linapozunguka, likapata moto, na baada ya safari ndefu, jua la mchana kati ya Awasi na Ahero humalizia kazi.

Sehemu ndogo za ndani

Kila gari lina mifuko mingi kuliko tunavyoitumia, na kila mfuko una kazi yake.

Juu ya dashibodi pasiwe na kitu. Upande wa abiria mfuko wa hewa hufumuka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na chochote kilicholala juu ya kifuniko chake, iwe simu, miwani au kopo la marashi, hurushwa usoni. Isitoshe, gari lililofungwa vioo juani Kisumu hupita nyuzi 50 za joto, na makopo mengi ya dawa ya kupuliza yameandikwa yasifikishwe nyuzi hizo. Kiberiti cha gesi, kopo la dawa ya mbu na dawa za hospitali visiachwe mle.

Droo ya dashibodi ni ya karatasi na vitu vyepesi, na hukaa imefungwa safari nzima. Ikiwa wazi huwa ukingo mgumu mbele ya magoti ya abiria. Mifuko ya milango inafaa chupa moja moja, zilizosimama. Usiweke chupa chini ya kiti cha dereva. Chupa ya nusu lita hubingirika mbele gari linaposhuka mlima, huingia nyuma ya kanyagio la breki, na kanyagio halishuki tena. Hili halihitaji mwendo mkali, mteremko wa Riat unatosha. Kwa sababu hiyohiyo viatu vya kubadilisha, mfuko wa mboga na mkeka uliojikunja havina nafasi miguuni mwa dereva.

Nafasi nzuri iliyosahauliwa ni sakafu ya nyuma ya viti vya mbele. Iko chini, imezungukwa pande zote, na kiti cha mbele kikirudishwa nyuma kidogo hubana kilichomo kisicheze. Hapo ndipo pa trei za mayai: trei sita za mayai 30, moja juu ya nyingine, trei tupu iwekwe juu kabisa kama kofia, zote zifungwe msalaba kwa kamba nyembamba, kisha pembeni zijazwe nguo au gazeti. Hapo pia ndipo pa mtungi mdogo wa gesi iwapo hakuna mtu atakayekaa nyuma, na habari yake inakuja.

Kiti cha nyuma si buti. Ukilazimika kuweka mzigo juu yake, upitishie mkanda wa abiria uingie kwenye kitasa chake. Kompyuta, begi la kilo 10, sufuria kubwa, vyote hufungwa mkanda kama mtu.

Mwisho, vitu vya dharura. Jeki, spana ya magurudumu, laifseva (zile pembetatu za onyo) na tochi visiwe chini ya mzigo. Pancha ikitokea Timboroa usiku, kwenye mvua na baridi ile, hutaki kushusha magunia manne kando ya barabara ili ufikie jeki. Vifunge kwenye mfuko mmoja, mfuko uwekwe pembeni ya buti karibu na mlango, ushikwe kwa mkanda au kwa mzigo wenyewe. Kama tairi la spea liko chini ya sakafu ya buti na utabeba mzigo mzito, litoe kabla ya kupakia na ulisimamishe ubavuni, limefungwa.

Kupanga buti

Kabla ya kuweka chochote, shika mgongo wa kiti cha nyuma uuvute kwako kwa nguvu. Magari mengi yana alama nyekundu karibu na kitasa cha juu: ikionekana, kiti hakijakaza, hata kama kinaonekana kimesimama wima. Kiti kisichokaza hakizuii chochote. Kama hakuna abiria nyuma, ingiza mikanda yote ya nyuma kwenye vitasa vyake, maana mikanda iliyofungwa huusaidia mgongo wa kiti kustahimili msukumo.

Kilicho kizito huenda chini na mbele, kikigusa mgongo wa kiti. Hii si tabia ya unadhifu. Ekseli ya nyuma ni kama mhimili wa mzani: uzito ukikaa mbele yake, ekseli zote mbili huubeba, ukikaa nyuma yake, karibu na mlango wa buti, hunyanyua pua ya gari. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, tairi za mbele ambazo ndizo hufanya kazi kubwa ya breki zinapoteza mshiko, na taa zinapiga machoni mwa wanaokuja. Kama gari lako lina kidude cha kushusha taa kwenye dashibodi, chenye namba 0 hadi 3 au zaidi, kizungushe mpaka mwanga ulale barabarani tena.

Magunia hulazwa, hayasimamishwi. Gunia la viazi la kilo 50 lililosimama huanguka kwenye kona ya kwanza na kuvuta mengine. Lilaze kwa ubavu wake mpana, mdomo ukielekea nyuma ya gari ili likifumuka usichimbe. La pili liwekwe ubavuni mwake, la tatu juu ya mfereji ulio kati yao, kama matofali yanavyopishana ukutani. Gunia lililoongezwa kichwa cha majani na nyavu halilali vizuri, lina mgongo wa mviringo na hubingirika. Kama huna budi kulibeba, liwekee gunia tupu lililokunjwa kila upande kama kabari.

Sakafu ya buti mara nyingi ni plastiki au zulia jembamba lililolainika, na mzigo huteleza juu yake kama sabuni. Tandika mkeka wa mpira, au vipande vya tyubu kuukuu ya lori vilivyokatwa. Mpira huongeza msuguano maradufu au zaidi, kwa hiyo hata kabla ya kufunga kamba, zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na kitu cha bei ya chai. Hatujui matumizi bora ya pesa ndogo kuliko hayo kwa mtu anayebeba mizigo kila wiki.

Mapengo yanayobaki yazibwe. Godoro la sponji lililokunjwa, magunia matupu, begi la nguo, blanketi: vyote vyafaa. Mbao fupi iliyokatwa ifike ukuta hadi ukuta ni bora zaidi kwa makreti na makopo. Ukiusukuma mzigo kwa goti na usisogee upande wowote, sasa leta kamba.

Usipandishe mzigo juu ya mgongo wa kiti isipokuwa una wavu au fito imara nyuma ya vichwa vya abiria. Cha juu ndicho kinachoruka. Kama ni lazima, cha juu kiwe cha sponji, nguo au omena, kisiwe mkungu wa ndizi wa Kisii.

Kamba, mikanda na pete

Kwenye sakafu ya buti za Probox, Fielder, Noah na nyinginezo kuna pete au ndoano ndogo, nyingine zimefichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Hizo zimeshikwa kwenye bodi ya gari na ndizo za kufungia. Usifunge kwenye mpini wa dari, kwenye egemeo la kichwa wala kwenye plastiki ya ubavu, kwani hung'oka.

Mkanda wa racheti wa upana wa milimita 25 unatosha kwa gari dogo. Una karatasi iliyoshonwa yenye herufi LC na namba. Hiyo ndiyo nguvu unayoruhusiwa kuitegemea, nayo ni ndogo kuliko ile ya kukatikia ambayo wauzaji hupenda kuitaja. Mkanda usio na karatasi hiyo, au uliochanika ukingoni hata kidogo, ukae nyumbani. Ufunge uwe msalaba juu ya mzigo, kutoka pete ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na wa pili kinyume chake. Kaza mpaka mzigo ubonyee kidogo. Kuendelea baada ya hapo ni kung'oa pete.

Kamba ya katani ina tabia yake. Ikilowa hunywea na kukaza, ikikauka hulegea. Ukifunga kavu Nakuru, ikanyeshewa Kericho ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, kisha ikapigwa na jua la Ahero, utafika kamba imelegea. Nailoni hufanya kinyume: huvutika, na ikilowa huvutika zaidi. Kamba ya poliesta haina mambo mengi. Mpira wa tyubu wanaotumia wenye bodaboda unafaa kushika kitu chepesi kisiruke, lakini haufai kuzuia kitu kizito kisiteleze, kwa sababu kazi yake ni kuvutika, na mzigo ukisukuma utavutika nao.

Kama huna racheti, fundo hili hukaza vizuri:

1. Funga ncha moja ya kamba kwenye reli au pete, upitishe kamba juu ya mzigo hadi upande wa pili.
2. Katikati ya ubavu wa mzigo, usawa wa kifua chako, zungusha kamba iwe kitanzi kidogo, kisha vuta mkunjo wa kamba ya chini uingie ndani ya kitanzi hicho mpaka kikaze. Sasa una jicho linaloning'inia.
3. Pitisha ncha chini ya reli, uipandishe na kuiingiza kwenye lile jicho.
4. Vuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili. Reli na jicho hufanya kazi kama kapi, nguvu yako ikaongezeka takriban mara mbili.
5. Bana kamba kwa vidole pale inapopita kwenye jicho isirudi, kisha ufunge mafundo mawili ya nusu chini yake.

Ukivuta mkunjo kutoka upande usiofaa kwenye hatua ya pili, jicho litateleza na kufunguka lenyewe. Lijaribu kabla ya kuliamini: ning'inia.

Juu ya paa

Kama kitu kinaweza kuingia ndani, kiingie ndani. Kerea, ile chanja ya kubebea mizigo paani, huonekana kama nafasi ya bure, lakini magari mengi madogo yameruhusiwa kilo 50 hadi 75 tu paani, na uzito wa kerea yenyewe umo humo. Kerea ya chuma iliyochomelewa na fundi huweza kula kilo 20 za kwanza. Uzito juu ya paa huinua kitovu cha uzito cha gari, na zile kona za kupanda Nandi Hills ndizo hukufundisha maana yake, gari linapoendelea kuinama baada ya usukani kurudi.

Mabati ndiyo huleta maafa zaidi. Bati la mita 3 la geji 30 lina kilo 6 au karibu na hapo. Kumi ni kilo 60, na hapo paa la magari mengi limeshafika mwisho. Lakini tatizo kubwa la mabati ni upepo na makali. Upepo huingia chini ya ncha ya mbele, ukaanza kuipiga juu na chini, na kila ikipiga, ukingo wa bati huikata kamba kama msumeno. Kamba ikikatika bati la juu huondoka peke yake, na kwenye barabara yenye waendao kwa miguu hakuna haja ya kueleza linakwenda wapi.

Kwa hiyo fanya hivi. Laza mbao mbili za mbili kwa mbili juu ya kerea, upande hadi upande. Panga mabati yakiingiana mawimbi, kisha uyafunge yawe furushi moja kabla hayajafungwa kwenye gari: kamba mbili, robo ya urefu kutoka kila ncha, kila kona ya bati ikiwekewa kipande cha tyubu au mpira wa bomba uliopasuliwa ili kamba isiguse chuma. Kisha funga furushi kwenye kerea mahali pawili. Halafu ile ambayo wengi huiacha: kamba ya mbele, kutoka kwenye ncha ya furushi kushuka hadi kwenye ndoano ya kuvutia gari chini ya bampa, pande mbili, ifanye umbo la V mbele ya boneti. Hiyo ndiyo inayoukatalia upepo. Ncha ya mbele isipite kioo sana; urefu uzidi nyuma, ufungwe kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Mwendo usizidi 60, na lori kubwa likija mbele yako punguza zaidi, kwani upepo wake ndio mkali kuliko wote.

Gari lisilo na reli, kamba hupitishwa ndani kupitia milango iliyofunguliwa, kisha milango ifungwe juu yake. Ukiipitisha madirishani umejifungia, milango haitafunguka. Mvua ikinyesha maji yatafuata kamba hadi kiti chako, ndiyo gharama yake. Mkanda bapa juu ya paa upe msokoto mmoja kila upande, hautapiga kelele ya kuvuma wala kujisugua hadi kuchanika.

Vinavyohitaji uangalifu wake

*Gesi.* Mtungi wa kilo 6 au 13 husimama wima, daima. Vali ya usalama iliyo juu imekusudiwa kutoa mvuke. Mtungi ukilazwa, gesi iliyo kimiminika ndiyo hukaa langoni, nayo ikitoka huwa mvuke mwingi mno kwa ghafla. Funga vali, vua regulata, rudisha kifuniko cha plastiki. Uukaze kati ya vitu viwili, usibingirike. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni bila kupanda puani haraka, kwa hiyo vioo viwili viwe wazi kidogo, mtu asivute sigara, na mtungi uwe wa kwanza kushushwa. Usiuache garini mchana kutwa juani wakati unazunguka sokoni Kibuye.

*Petroli.* Tungependa usiibebe kabisa. Ikibidi, mtungi uwe wa mafuta, wenye kifuniko cha kukaza, ujazwe ukiwa umewekwa chini ardhini, si ndani ya buti, kwa sababu umeme tuli unaojikusanya wakati wa kujaza huhitaji njia ya kwenda ardhini. Acha nafasi juu ya mafuta yapanuke kwa joto. Kibuyu cha plastiki cha mafuta ya kupikia si chombo cha petroli.

*Maziwa, maji, mafuta ya kupikia.* Jerikeni iliyojaa hutulia. Iliyo nusu hupiga mawimbi, na wimbi husukuma gari kwenye kona baada ya dereva kudhani kona imekwisha. Jaza kabisa au gawanya upya. Pitisha kamba moja kwenye mikono ya jerikeni zote ziwe kitu kimoja. Jerikeni ya lita 20 ya mafuta ya kupikia ina kilo 18 hivi, na ikimwagika buti hilo halitashika mzigo tena mpaka lioshwe kwa sabuni na maji moto.

*Samaki.* Kutoka Dunga, ufuko wa wavuvi wa Kisumu, hadi Nakuru ni saa kadhaa, na barafu inayeyuka. Sanduku liwe na kizibo chini kilichofungwa, likae ndani ya karai au juu ya turubai iliyokunjwa kingo, na maji yatolewe kwenye vituo, si yaachwe yapenye chini ya zulia. Maji hayo hunuka miezi, na huozesha bati la sakafu kimyakimya pale kwenye pete za kufungia.

*Kuku.* Tenga lenye hewa, sakafuni, lifungwe. Kuku aliyefungwa miguu na kuachwa huru huishia kwenye kanyagio.

*Watoto.* Hawakai butini kati ya mizigo, hata kwa safari ya kilomita mbili. Hakuna namna ya kupanga inayofanya jambo hilo liwe salama.

Barabarani

Mzigo hujipanga upya kwenye kilomita za mwanzo. Viazi hushuka, magunia hubonyea, kamba iliyokuwa imekaza inalegea. Simama baada ya kilomita 10, ukaze. Simama tena kabla ya mlima. Atokaye Nakuru kuelekea magharibi ana Salgaa, kama kilomita 30, kabla ya kuanza kupanda Sachangwan. Anayerudi kutoka Kisumu akague kabla hajaanza kuteremka Sachangwan kuja Salgaa, mteremko ambao umeua watu wengi kwa sababu ya breki zilizochoka.

Breki huchoka kwa moto. Kila kilo uliyoongeza lazima isimamishwe na pedi zilezile, na kwenye mteremko mrefu ukikanyaga mfululizo pedi hupata moto hadi zikaacha kushika, kanyagio likawa gumu na gari lisipungue. Shuka kwa gia uliyopandia. Gari la otomatiki lina nafasi ya 2, L, S au B, itumie kabla mteremko haujaanza, si katikati. Kanyaga breki kwa vipindi: punguza vizuri, achia, iache ipoe. Ukinuka harufu kama ya kitu kinachoungua, tafuta pa kusimama na uzipe breki nusu saa. Usizimwagie maji.

Umbali kati yako na wa mbele uzidishe mara mbili. Matuta ya vijijini, hasa yale yasiyopakwa rangi kwenye njia ya Kapsabet na Chavakali, hurusha mzigo juu, na kilichofungwa kwa uzito wake tu hutua mahali pengine. Vuka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Ukifika, egesha mahali tambarare na uvute handbreki kabla ya kugusa mlango wa buti. Mzigo huwa umerudi nyuma wakati wa kupanda, na huenda umeegemea mlango huo. Simama ubavuni, fungua kiasi cha mkono, shika kinachokuja, ndipo ufungue wote. Racheti huachiliwa polepole ukiwa umegeuza uso pembeni, kwa maana ndoano iliyovutwa hurudi kwa kasi. Shusha vya juu kwanza, vya pembeni, kisha vya katikati. Na asubuhi inayofuata, tairi zikiwa baridi, rudisha presha ya nyuma kwenye namba ya gari tupu, la sivyo gari jepesi litarukaruka kwenye mvua na kukosa mshiko.